Nani Alimfundisha Mwalimu Wako? Somo la Ualimu Kutoka Silsila ya Judo

Mtu akikwambia ana mkanda mweusi, swali linalotutoka wengi wetu hapo hapo ni, "Sasa unaweza kuwaangusha wangapi?" Katika shule za kale za mapigano za Japani swali la kwanza lilikuwa jingine kabisa: mwalimu wako ni nani, na yeye alifundishwa na nani? Jibu lilikuwa orodha ya majina, mwalimu juu ya mwalimu, mpaka ufike kwa mwanzilishi. Sisi tuliokulia pwani tuna neno linaloikaa vizuri orodha ya namna hiyo: silsila. Aliyepita madrasa analijua.

Mimi nipo mwaka wa tatu, nasomea ualimu, na sitaki kumfundisha mtu kupigana. Nataka tuitazame silsila moja tu, ya judo, kwa sababu mtu aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa darasani kwanza na mpiganaji baadaye. Alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka zaidi ya ishirini. Kila tunachohangaika nacho kwenye kozi zetu, kukariri au kuelewa, nadharia au vitendo, nani apewe cheti na nani azuiwe, yeye alikutana nacho kwenye mkeka wa mazoezi.

Na jambo hili linatuhusu kwa karibu. Tukitumwa TP, wengi wetu tukishika chaki hatufundishi kama mihadhara ya mbinu za ufundishaji inavyosema. Tunafundisha vile tulivyofundishwa sisi sekondari. Maana yake kila mmoja wetu ana silsila yake, ajue asijue. Asiyeijua anairithisha yote, mazuri na mabaya, kwa watoto arobaini na zaidi walio mbele yake.

Maneno ya kuanzia

Tukubaliane kwanza maneno manne, maana bila hayo tutapotea njiani.

La kwanza ni ryu. Ni shule au mkondo wa maarifa unaopokezana kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi. Inaweza kuwa ya upanga, ya mkuki, hata ya kuandaa chai. La pili ni jujutsu, yaani ufundi wa kupambana bila silaha au kwa silaha ndogo. Huko ndani kulikuwa na ryu nyingi, kila moja na siri zake. La tatu ni kata: mfuatano wa miondoko uliopangwa, watu wawili wanaufanya kwa utaratibu uleule kila siku. La nne ni randori: mazoezi huru. Hapo hakuna anayejua mwenzake atafanya nini, kila mtu anajaribu kumwangusha mwingine.

Kwa lugha yetu ya kitivo, kata ni kama andalio la somo lililonyooka, na randori ni darasa lenyewe pale mwanafunzi wa nyuma anaponyoosha mkono na kuuliza swali ambalo hukulipanga.

Kijana mdogo wa mwili

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika familia ya watengenezaji wa pombe ya mchele. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, na baba akamleta Tokyo kusoma. Darasani alikuwa mkali, Kiingereza alikiweza vizuri. Lakini mwili ulikuwa mdogo, na wenzake wakubwa shuleni walimwonea. Akasikia kwamba kuna ufundi unaomwezesha mdogo kumshinda mkubwa. Akautafuta.

Kuutafuta ndiyo ilikuwa kazi. Mwaka 1868 utawala wa mashoguni ulikuwa umeanguka na Japani ilikuwa mbioni kuiga Ulaya na Marekani: reli, bunduki mpya, suti. Tabaka la samurai lilipoteza nafasi yake, na shule za jujutsu zikaonekana mambo ya kizamani. Walimu walibaki bila wanafunzi. Baadhi yao walijipatia riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka, kwa sababu ufundi wa kuvunja kiungo na ufundi wa kukirudisha vilifundishwa pamoja.

Basi mwaka 1877, akiwa ameingia Chuo Kikuu cha Tokyo, Kano alifanya jambo la akili. Alizunguka mjini akiulizia waunga mifupa. Kwa njia hiyo akafika kwa mwalimu wake wa kwanza. Hebu fikiria: mwanachuo wa taasisi mpya kabisa nchini, anayesoma siasa na uchumi, jioni anakwenda kwenye chumba kidogo cha mzee ambaye zama zake zinaonekana zimepita.

Mwalimu wa kwanza: Fukuda Hachinosuke

Fukuda alikuwa wa mkondo wa Tenjin Shin'yo-ryu. Mkondo huo ulianzishwa na Iso Mataemon katika karne ya 19 kwa kuunganisha mikondo miwili aliyokuwa amejifunza, mmojawapo ukiwa Yoshin-ryu. Jina Yoshin linabeba picha ya mti wenye matawi laini yanayoning'inia. Masimulizi ya shule yanasema tabibu mmoja wa Nagasaki aliona theluji ikivunja matawi magumu ya miti mingine, wakati matawi ya mti huo yaliinama, theluji ikadondoka, nayo yakarudi mahali pake. Hayo ni masimulizi, na silsila nyingi huanza na masimulizi. Ila picha yenyewe ukiishika utaelewa judo yote. Sisi tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao wanaongeza kwamba anayeinama kwa wakati wake ndiye anayebaki amesimama.

Fukuda alipenda randori. Namna yake ya kufundisha ni ile ambayo kwenye kozi zetu tungeipa alama ndogo. Siku moja Kano alirushwa chini, akauliza: mkono unakaa wapi, mguu unaanzaje? Fukuda hakueleza. Alimwambia aje tena, akamrusha. Kano akauliza tena, akarushwa tena. Ujumbe wa mzee ulikuwa kwamba maneno hayatakusaidia, rudia mara elfu mwili utajua wenyewe.

Tusiharakishe kumcheka. Alikuwa na hoja yake: kuna maarifa ambayo hayaingii kwa madesa. Huwezi kudesa kuogelea. Lakini Kano alibaki na kiu ya sababu. Pale kwa Fukuda kulikuwa na mwenzake mmoja mkubwa wa mwili ambaye alimshinda kila mara. Kano alijaribu mbinu za sumo, hazikutosha. Ndipo akafanya kitu ambacho kila mwanachuo anakiweza: akaenda maktaba. Akapekua vitabu vya mieleka ya Kizungu, akakuta namna ya kuingia chini ya mtu, kumbeba mabegani na kumgeuza. Akaifanyia mazoezi, akarudi, akamwangusha yule bwana. Mbinu hiyo leo inaitwa kata-guruma na imo kwenye orodha ya judo. Silsila ya Japani ina tawi lililochipuka kwenye rafu ya maktaba.

Agosti 1879, rais mstaafu wa Marekani Ulysses Grant alitembelea Japani, na walimu wa jujutsu wakaombwa kuonyesha ufundi wao mbele yake. Fukuda alishiriki pamoja na wanafunzi wake, Kano akiwemo. Muda mfupi baadaye Fukuda akafariki. Familia yake ikamkabidhi Kano hati za shule.

Mwalimu wa pili: Iso Masatomo

Kijana hakukaa. Alikwenda kwa Iso Masatomo, aliyekuwa kiongozi wa Tenjin Shin'yo-ryu wakati huo. Iso alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, na hakuwa tena mtu wa kuangushana na vijana. Nguvu yake ilikuwa kata. Kwake Kano alijifunza umbo safi: hatua inakaa wapi, mwili unasimamaje, kwa nini mwondoko huu unafuata ule. Baada ya muda akawa msaidizi, akiwafundisha wenzake.

Angalia mgawanyo huu. Mwalimu wa kwanza alimpa mazoezi huru bila maelezo. Wa pili akampa umbo na mpangilio. Mwanafunzi mwingine angesema "huyu ndiye, yule hakujua kufundisha", akachagua upande. Kano alivichukua vyote viwili, na mpaka leo judo inafundishwa kwa kata na randori pamoja.

Mwaka 1881 Iso naye akafariki. Katika miaka miwili Kano alikuwa amewazika walimu wawili. Sijui kama sisi tunaopakua madesa kwa simu tunaweza kuuona uzito wa jambo hilo. Maarifa yale yalikuwa yanakaa ndani ya watu, na hati zilizoachwa zilikuwa majina ya mbinu na mafumbo. Mzee akiondoka, anaondoka na maelezo. Nadhani hapo ndipo Kano alipoacha kuwa mwanafunzi anayetaka kujilinda tu, akawa mtu mwenye wasiwasi wa kuhifadhi.

Mwalimu wa tatu: Iikubo Tsunetoshi

Mwaka huohuo wa 1881, ambao pia ndio aliohitimu chuo kikuu, Kano alifika kwa Iikubo Tsunetoshi wa mkondo mwingine, Kito-ryu. Iikubo alikuwa amewahi kufundisha kwenye chuo cha mapigano cha serikali ya shogun. Hakuwa tena kijana, na bado aliweza kuingia kwenye randori na kijana wa miaka ishirini na akamrusha anavyotaka.

Tenjin Shin'yo-ryu ilikuwa hodari zaidi kwenye kubana, kukaba na kudhibiti mtu karibu. Kito-ryu ilikuwa hodari kwenye kurusha. Kwa hiyo Kano akaanza kulinganisha. Na ulinganisho ndio uliomfikisha kwenye jibu la lile swali ambalo Fukuda hakulijibu: kwa nini mtu anaanguka?

Jibu lake linaitwa kuzushi, kuvuruga mizani. Mtu aliyesimama imara ni mzito kumwangusha hata kama ni mwembamba. Mtu ambaye uzito wake umesogea nje ya miguu yake anaanguka kwa nguvu kidogo. Kwa hiyo kwanza mvuruge mizani, pili jiweke mahali panapofaa, tatu ndipo umrushe. Kano alipenda kueleza kwa hesabu. Chukulia mwenzako ana nguvu kumi, wewe saba. Akikusukuma na wewe ukamsukuma, utashindwa, hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Lakini akikusukuma kwa kumi, nawe ukarudi nyuma sawasawa na msukumo wake, anapitiliza mbele na mizani inamtoka. Sasa nguvu anayoweza kuitumia imebaki tatu tu, na wewe bado una saba zako.

Siku moja Kano akamrusha Iikubo mara kadhaa mfululizo, na Iikubo hakuweza kumrusha yeye. Mwalimu akauliza imekuwaje. Mwanafunzi akaeleza kuhusu kuvuruga mizani. Iikubo alikubali kwamba kwa randori hana tena cha kumfundisha, akaendelea kumpa kata. Hatimaye alimpa cheti kamili cha Kito-ryu na vitabu vya shule.

Kipengele hiki ndicho kinachonikaa zaidi katika masimulizi yote. Mzee aliyezoea kuheshimiwa, aliyefundisha kwa serikali, anaangushwa na kijana aliyemfundisha mwenyewe, halafu anauliza "umefanyaje?" na anasikiliza jibu. Sisi tunasoma kwamba mwanafunzi awe katikati ya somo. Yule mzee hakusoma hayo popote, na aliyafanya.

Nyumba mpya: Kodokan

Mei 1882, Kano akiwa hajafikisha miaka 22 kwa hesabu yetu, alifungua shule yake katika hekalu la Kibudha la Eishoji, Tokyo. Eneo la mazoezi lilikuwa mikeka kumi na miwili, na mwaka ule wa kwanza alikuwa na wanafunzi tisa. Aliiita Kodokan, yaani nyumba ya kujifunza njia. Na ufundi wake hakuuita jujutsu. Aliuita judo: ju ni ulaini, do ni njia. Neno lenyewe halikuwa geni kabisa, lilikuwa limetumika kidogo katika mikondo ya zamani. Kipya kilikuwa mkazo, kwamba lengo ni kumjenga mtu na mbinu ni chombo tu.

Iikubo mwenyewe alikuwa akija hekaluni kusaidia kufundisha. Kumbe mwalimu aliikubali shule ya mwanafunzi wake kiasi cha kuja kufundisha ndani yake. Na hekalu lilipata tabu. Watu walivyorushwa, sakafu ilitikisika mpaka vibao vya kumbukumbu vya marehemu vikadondoka, na Kano akawa anaingia chini ya sakafu na taa kurekebisha mbao zilizolegea.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Tomita Tsunejiro. Pamoja na Saigo Shiro, Yokoyama Sakujiro na Yamashita Yoshitsugu, wanakumbukwa kama nguzo nne za Kodokan. Miaka ya 1880 hao ndio waliosimama dhidi ya wapiganaji wa shule za kale na kuipa nyumba ile jina.

Kutoka hati za siri hadi mkanda

Hapa sasa wana Elimu tufungue daftari, maana ni somo la upimaji.

Katika ryu za zamani, cheti kilikuwa hati ya kukunja. Ngazi zilikuwa chache na zilikaa mbali mbali. Ungeweza kungoja miaka mingi kati ya moja na nyingine bila kujua umefika wapi, na zile za juu ziliambatana na mafundisho ya siri. Siri iliilinda shule. Vilevile ilimfanya mwalimu awe na ufunguo peke yake.

Kano alitumia mfumo mwingine, wa dan, ambao ulikuwa ukitumika kupanga wachezaji wa go, ule mchezo wa bao wa Japani wenye vijiwe vyeusi na vyeupe. Mwaka 1883 aliwapa Tomita na Saigo dan ya kwanza. Baadaye, mnamo 1886, wenye dan wakaanza kuvaa mkanda mweusi. Ngazi zikawa nyingi zaidi na za karibu karibu, kila mtu akiiona iliyo mbele yake. Na dan ya kwanza haikuwa na maana ya bingwa. Ilikuwa na maana kwamba sasa umeshika misingi, unaweza kuanza kusoma kweli kweli.

Kwa hiyo mkanda mweusi tunaouona kwenye filamu haukutoka kwa watawa wa milimani. Ulitoka kwa mwalimu wa shule aliyekuwa anatafuta namna ya kumpa mwanafunzi moyo. Karate iliuchukua kutoka kwenye judo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alikuja Tokyo mwaka 1922 na akaalikwa na Kano kuonyesha karate Kodokan. Miaka miwili baadaye naye akaanza kutoa dan kwa wanafunzi wake.

Mkuu wa chuo cha ualimu

Wakati huo wote Kano alikuwa na ajira yake ya mchana. Alianza kufundisha shule ya watoto wa mabwana, Gakushuin, mwaka 1882. Mwaka 1893 akawa mkuu wa chuo kikubwa cha ualimu mjini Tokyo, na kwa vipindi tofauti aliendelea nacho mpaka 1920. Chuo hicho kinahesabiwa miongoni mwa mababu wa Chuo Kikuu cha Tsukuba cha leo. Aliwapokea pia vijana kutoka Uchina waliokuja kusoma Japani. Katika shule aliyowafungulia, Kobun, alipita Lu Xun, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa Uchina.

Hii inaeleza kwa nini judo ilienea hivyo. Wapo mabingwa waliofungua kumbi za mazoezi. Kano alikuwa anazalisha walimu wa shule za sekondari. Wakipangiwa kazi mikoani, baadhi yao waliibeba judo. Mwaka 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1912 akaongoza msafara wa Japani kwenye michezo ya Stockholm. Mwaka 1922 akatangaza kanuni zake mbili. Ya kwanza, seiryoku zen'yo, ni kutumia nguvu yako mahali inapozaa zaidi. Ya pili, jita kyoei, ni mimi na wewe kustawi pamoja. Ya pili inaonekana wazi mkekani: bila mwenzako kukubali kurushwa, hujifunzi kurusha.

Alifariki Mei 1938 akiwa melini, akirudi kutoka Kairo, Misri, kwenye mkutano wa kamati ile ya Olimpiki. Judo yenyewe iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo. Na hata nyumbani imefika: mwaka 2016 kule Rio, Tanzania ilikuwa na mchezaji wa judo.

Matawi yake ni mengi. Yamashita alikwenda Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 akamfundisha rais Theodore Roosevelt. Maeda Mitsuyo alifika Brazil mwaka 1914, na kutokana na mafundisho yake familia ya Gracie ikajenga kile kinachoitwa leo jujitsu ya Kibrazili. Ukifuata majina yao kwenda juu unarudi kwenye kile chumba cha muunga mifupa.

Tawi lililozuiwa

Ningeishia hapo makala ingekuwa tamu, lakini ingekuwa nusu. Silsila hufungua mlango, na pia huweza kuwa ukuta.

Mwaka 1913 alizaliwa Fukuda Keiko, mjukuu wa yule Fukuda Hachinosuke. Kano hakumsahau mwalimu wake. Alimwalika binti huyu ajiunge na Kodokan, naye akaanza mwaka 1935. Idara ya wanawake ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926, ingawa Kano alikuwa amefundisha wanawake tangu miaka ya 1890. Wanawake walikazia kata, mashindano hawakuruhusiwa, na mkanda wao mweusi ulikuwa na mstari mweupe katikati.

Fukuda alipanda mpaka dan ya tano. Hapo akakwama kwa miaka mingi, kwa sababu utaratibu haukumruhusu mwanamke kupita hapo. Alikuwa na ujuzi, alikuwa na wanafunzi, na kama ni silsila, nani alikuwa nayo kumshinda? Damu yake ndiyo ya mwalimu wa kwanza. Haikusaidia. Alihamia Marekani mwaka 1966, akafundisha San Francisco. Baada ya watu kudai, mwaka 1972 akapewa dan ya sita. Mwaka 2006 Kodokan ikampa ya tisa. Mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani kikampa ya kumi, akiwa na miaka 98. Alifariki mwaka 2013. Judo ya wanawake iliingia rasmi Olimpiki mwaka 1992 tu.

Nimeiweka sehemu hii makusudi. Mtu anaweza kuvunja hati za siri, akaweka ngazi zilizo wazi, akatangaza kustawi pamoja, na bado nyumba yake ikaacha mlango mmoja umefungwa kwa nusu ya watu. Warithi wake nao wakaulinda mlango huo kwa jina la kumheshimu. Ukirithi nyumba, angalia na kufuli ulizorithi.

Tunachukua nini?

Kwa upande wangu nachukua mambo matatu kwenda nayo TP.

Moja, mwalimu mmoja hatoshi. Fukuda alimpa Kano ujasiri wa kujaribu, Iso akampa umbo, Iikubo akampa swali la kwa nini. Kila mmoja alikuwa na pungufu lake, na pungufu la mmoja lilifunikwa na mwingine. Usimdharau mhadhiri anayeeleza vibaya lakini anakutuma maabara kila wiki.

Mbili, andika. Walimu wakongwe katika shule tunazokwenda wanajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: namna ya kufundisha sehemu kwa machungwa, namna ya kumwita mtoto mtoro bila kumwaibisha. Wakistaafu wanaondoka nayo. Daftari la shilingi elfu moja linatosha kuanzia.

Tatu, heshima haina maana ya kunakili. Kano aliwataja walimu wake maisha yake yote, na alibadilisha karibu kila kitu walichompa. Hata hivyo kata za zamani za Kito-ryu hakuzitupa. Alizihifadhi, na bado zinafanywa Kodokan kwa jina la Koshiki no kata, ili mwanafunzi wa leo aone njia ilipopita.

Maswali ya mjadala

1. Andika majina ya walimu watatu waliokujenga. Kando ya kila jina, andika kitu kimoja utakachokiendeleza na kimoja utakachokiacha.

2. Fukuda alikataa kueleza, akasisitiza kurudia. Ni mada zipi katika somo lako zinazofaa kufundishwa hivyo, na zipi ambazo njia hiyo itazizika?

3. Mfumo wa dan uliwapa wanafunzi ngazi za karibu karibu. Linganisha na upimaji wetu, UE ikiwa na uzito mkubwa mwisho wa muhula. Nani anafaidika, nani anapotea njiani?

4. Ni mlango gani katika kitivo chetu, au katika shule uliyofanyia TP, unaobaki umefungwa kwa sababu tu "ndivyo tulivyoukuta"? Nani ana ufunguo?

Atakayekuwa na majibu, hasa la swali la nne, ayaandike ayapeleke kwa wahariri. Toleo lijalo lina nafasi.